Hatua Chini ya Cherehani

Mama yangu ni fundi wa kushona nguo, na nyumbani kwetu siku haianzi mpaka cherehani ianze. Chumba cha mbele ndiko kazini kwake, chumba cha nyuma ndiko tunakolala. Kila asubuhi niliamshwa na mlio ule, taka-taka-taka, nikanawa uso, nikanywa chai, nikavaa sare, kisha nikaketi kwenye kiti cha wateja kungoja saa ya shule. Nikirudi mchana niliketi kwenye kiti kilekile. Mama alishona, mimi nilikata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo zilizokwisha, na nyuzi zikiisha nilikaa tu. Kama kungekuwa na mtihani wa kukaa, ningekuwa wa kwanza darasani.

Ndiyo maana darasa la sita lote liliniita Mwenyekiti. Wakati wa mapumziko wenzangu walipokimbizana uwanjani, mimi nilikuwa nimeshajitafutia ngazi yenye kivuli. "Mwenyekiti amefika, kikao kianze!" walinitania, nami nilicheka pamoja nao. Nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni iliniuma, kwa sababu ngazi za kupandia darasa letu hazikuzidi kumi na tano, na kila asubuhi nilifika juu nikihema kama niliyebeba gunia.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana aliye kinyume changu kabisa. Jina lake la utani alipewa na mama siku ya kwanza alipomwona. "Huyu mtoto ni sindano," mama alisema huku akicheka. "Mwembamba, na akipita huoni alikoingilia wala alikotokea." Tangu hapo hata walimu walimwita Sindano. Baba yake aliendesha mtambo wa kushindilia lami. Barabara ikiisha, mafundi huhamia barabara nyingine, na familia zao huhama nao. Kwa hiyo shule yetu ilikuwa ya nne kwake.

"Unajua kitu kimoja?" aliniambia siku moja tukitoka shuleni. "Shule zote tatu nilizosoma zilikuwa na mbio za kupokezana vijiti. Na zote tatu tulihama kabla ya siku yenyewe. Sijawahi kushika kijiti hata mara moja."

"Safari hii utashika," nilimwambia.

"Lami imebaki kilomita chache. Baba anasema muhula ukiisha tunaondoka. Mbio ni wiki moja kabla. Basi ni safari hii au sijui tena lini."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Sikuwa na kisingizio kwamba sikujua.

Mambo yalianza muuguzi wa zahanati alipokuja kutupima. Alitupima uzito na urefu, kisha akatupandisha na kutushusha ngazi mara tatu, akashika vifundo vya mikono yetu na kuhesabu mapigo ya moyo. Aliposhika mkono wangu alinyanyua nyusi, lakini hakusema kitu mbele ya wenzangu. Baadaye alizungumza na darasa zima.

"Shuleni mnakaa, nyumbani mnakaa, mbele ya runinga mnakaa," alisema. "Mtoto wa umri wenu anahitaji angalau saa moja kila siku ya kuuchosha mwili. Sisemi muwe mabingwa. Rukeni kamba, chezeni mpira, tembeeni haraka. Moyo ni msuli, na msuli usiotumika hulegea."

Alimwachia mwalimu wetu wa michezo sanduku la vidude vya kuhesabu hatua. Kila kimoja kilikuwa kitu kidogo cha plastiki cha kubana kiunoni, chenye kioo kinachoonyesha namba. Ukipiga hatua, kinatikisika, namba inapanda. Tulitakiwa kukivaa tangu kuamka hadi kulala, na kila asubuhi mwalimu alikisoma mwenyewe, akaandika kwenye daftari lake, kisha akakirudisha sifuri. Kwa hiyo kuandika uongo hakukuwezekana.

"Sikilizeni vizuri," mwalimu alisema, filimbi ikining'inia shingoni mwake. "Timu ya kupokezana vijiti ina watu wanne. Watatu nitawachagua kwa saa kutoka madarasa mengine, wale wenye kasi. Nafasi ya nne ni ya darasa la sita, na safari hii simtaki mwenye kasi ya siku moja. Namtaka mwenye bidii ya kila siku. Atakayekuwa na hatua nyingi kuliko wote kwa wiki nne, nafasi ni yake."

Sindano alinifinya mkono kwa furaha. Saa hiyo niliamini kabisa kwamba nafasi ile ina mwenyewe.

Ijumaa ya kwanza mwalimu alisoma hatua zetu kwa sauti. Sindano alikuwa wa kwanza, hatua elfu kumi na mbili kwa siku. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa mbali, na hatua zangu hazikufika hata elfu tatu. "Mwenyekiti hakuondoka kitini!" mmoja alipaza sauti, na darasa likaangua kicheko. Safari hii nilishindwa kucheka hata kwa mdomo.

Jioni ile Sindano alibisha hodi nyumbani. "Shikamoo mama," alimwamkia mama, kisha akanigeukia. "Vaa viatu. Nitakimbia na wewe polepole mpaka uzoee. Kila jioni nitakupitia."

"Kesho," nilimjibu. "Leo namsaidia mama."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na ndiyo siku niliyojiharibia. Nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na cherehani nikikata nyuzi. Cherehani ya mama ni ya kukanyaga, ina ubao wa chuma chini ambao fundi huupandisha na kuushusha kwa miguu. Kile kidude kilinichomoka kiunoni, kikaangukia juu ya ubao ule na kunasa kwenye tundu lake. Mama hakuona. Aliendelea kukanyaga, na kidude kikaendelea kutikisika. Nilipokichomoa nilikuta namba imepanda kwa zaidi ya mia mbili.

Nilikitazama kwa muda. Nikamtazama mama, aliyekuwa ameinamia pindo la suruali ya mteja. Kisha nikachukua uzi mnene wa kushonea mifuko, nikakifunga kidude chini ya ubao, mahali ambapo jicho halifiki.

Naapa sikuwaza mbio. Nilitaka tu Ijumaa inayofuata nisiwe wa mwisho. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Jumatatu mwalimu alisoma hatua elfu saba, akanitazama kwa mshangao, akanipiga begani. "Umeona? Ukitaka unaweza!" Hakuna mwalimu wa michezo aliyewahi kunipiga begani. Jioni ile nikafunga uzi mara mbili ili kidude kisianguke.

Mama alikuwa amepata kazi kubwa ya sare na alikanyaga mchana kutwa. Mimi nikitoka shule nakifunga, yeye anakanyaga mpaka giza linaingia, nami nakifungua kabla ya kulala. Elfu tisa. Elfu kumi na tatu. Elfu kumi na nane. Ijumaa ya pili hakuna aliyenicheka. Ijumaa ya tatu walinipigia makofi, na yule yule aliyenitania ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Mwalimu alimwambia muuguzi habari zangu, na muuguzi akatuma salamu za pongezi.

Na Sindano? Alitimiza ahadi yake. Kila jioni alibisha hodi, viatu vimefungwa tayari.

"Nakuja, nakuja," nilimwambia. "Nimalize hizi nyuzi."

Alikaa mlangoni akanisubiri. Mama, ambaye hawezi kuona mtoto amekaa bure, alimpa bakuli la vifungo avipange kwa rangi. Basi Sindano aliketi kwenye kizingiti akipanga vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule, saa nzima ambayo angeweza kukimbia. Futi mbili kutoka alipoketi, hatua zangu zilipanda chini ya miguu ya mama. Giza likikaribia nilimwambia, "Basi leo nimechelewa, labda kesho."

"Haya, kesho," alijibu, na hakununa hata mara moja. "Lakini wewe unakimbia saa ngapi? Hatua zako zinapanda sana."

"Alfajiri," nilimnong'oneza ili mama asisikie. "Kabla hujaamka."

"Kumbe! Ungeniambia tukimbie wote."

Uongo mmoja huzaa mwingine, na mimi nilikuwa nikiwalea wote.

Jumatano ya wiki ya nne, mbio zikiwa Jumamosi, mwalimu alijumlisha. Nilimzidi Sindano kwa hatua chache sana, chache kuliko zile alizozipoteza kizingitini kwetu. Jina langu lilipotajwa darasa lilisimama kushangilia. "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Nilisikia joto usoni. Nilijua kwamba sasa ndio wakati wa kusema. Nilifungua kinywa, na kinywa kikasema, "Asante, mwalimu."

Sindano alikuwa ameinamia dawati akichora-chora kwenye jalada la daftari. Baada ya muda aliinuka akaja kunikumbatia. "Hongera," alisema. "Umeanza chini kabisa ukafika juu. Umestahili." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Mimi basi tena."

Mama ndiye aliyeshona bukta za timu. Yangu aliishona mwisho, akaitia mstari mwekundu ubavuni, akaipiga pasi mara mbili. "Mwanangu katika timu ya shule!" aliwaambia wateja wote, hata wasiouliza. "Na mimi nilidhani anapenda kiti tu." Alikuwa akikanyaga cherehani alipokuwa akisema hayo, na kidude kilikuwa palepale, nilikokifunga tena jioni ya Jumatano kwa mazoea. Sikuwa na haja nacho tena, lakini nilikuwa naona aibu kuinama kukitoa.

Alhamisi tulifanya mazoezi ya kupokezana kijiti tu, tukiwa tumesimama, na Ijumaa tulipumzika. Nilijidanganya kwamba mbio ni mzunguko mmoja tu wa uwanja, na mzunguko mmoja haumwui mtu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Shule tano, kamba pande zote, wazazi wamefunika vichwa kwa magazeti kwa sababu ya jua. Mama alifunga kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi. Sindano alisimama kando ya mstari akiwa na chupa ya maji, kwa sababu aliomba mwenyewe kuwa mbeba maji wa timu.

Nilikuwa wa tatu kukimbia. Wenzetu wawili wa kwanza waliruka kama swala, na kijiti kilinifikia tukiwa mbele ya shule zote. Niliondoka kwa nguvu zangu zote. Kufika kona ya kwanza mbavu zilinichoma. Kufika kona ya pili kifua kilikuwa kinawaka, pumzi haziingii, miguu imekuwa ya mtu mwingine. Nilisikia vishindo nyuma yangu, mmoja akapita, wa pili akapita, wa tatu, wa nne. Nikaanza kutembea. Watu walikuwa wakipiga kelele, na katikati ya kelele zile nilisikia sauti ya Sindano, aliyekuwa akikimbia sambamba nami nje ya kamba, chupa mkononi. "Usisimame! Umebakiza kidogo! Nipo hapa!" Hakuchoka wala hakuhema. Alikuwa anaongea na kukimbia kwa wakati mmoja.

Nilimpa kijiti mkimbiaji wa nne wakati wengine wote wameshaondoka, kisha nikaanguka magotini na kutapika. Tulishika mkia.

Muuguzi alikuwa zamu pale uwanjani. Alinilaza kivulini, akanishika mkono, akahesabu mapigo huku akitazama saa yake. Akahesabu tena. Mama alikuwa amepiga magoti kando yangu, na mwalimu amesimama nyuma yake.

"Hii siielewi," muuguzi alisema. "Mtoto mwenye hatua elfu kumi na tano kwa siku, wiki tatu mfululizo, hawezi kuwa na moyo unaokwenda hivi kwa mzunguko mmoja. Huenda kuna tatizo ndani ya moyo. Jumatatu mpelekeni hospitali kubwa akapimwe."

Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Jumapili niliamka nikasikia kimya. Cherehani ilikuwa hailii. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti changu cha wateja, magunia ya sare yamerundikwa hayajaguswa, amekamata fulana yangu mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, mbona hushoni?"

"Nitashonaje?" alisema. "Mwanangu ana moyo mgonjwa, na mimi niko hapa kila siku naye, sikuona. Nilikuacha ukimbie hivyo huko shuleni. Nilijivuna nawe, kumbe nakuua."

Hapo ndipo niliposhindwa. Kudanganya mwalimu niliweza, kudanganya rafiki niliweza, lakini kumwona mama akijilaumu kwa ugonjwa usiokuwapo, hapana. Nililala kifudifudi sakafuni, nikaingiza mkono chini ya ubao wa cherehani, nikakata uzi. Nikakiweka kidude juu ya meza mbele yake. Kilikuwa kinaonyesha hatua elfu ishirini na moja.

"Moyo wangu si mgonjwa, mama," nilisema. "Sijawahi kukimbia hata siku moja."

Alikitazama kidude, akautazama uzi wake mwenyewe, akautazama ubao. Nilimweleza yote, tangu siku kilipoanguka mpaka siku ya kujumlisha hatua. Nilitegemea makofi.

"Kumbe miguu yangu ndiyo iliyoingia timu ya shule," mama alisema, na hakucheka. "Na yule mtoto aliyekuwa akinipangia vifungo mlangoni?"

Nilianza kulia. "Nafasi ilikuwa yake."

"Na wiki ijayo anahama."

"Ndiyo."

"Vaa viatu," mama alisema.

Tulikwenda kwa miguu mpaka kambi ya mafundi wa barabara. Baba yake Sindano alikuwa akifunga masanduku kwa kamba. Alitukaribisha, akamwita binti yake, akaondoka kidogo alipoona nyuso zetu. Nilimweleza Sindano nikiwa nimesimama, nikitazama vidole vya miguu yake. Nilipomaliza nikangoja anitukane, ingekuwa nafuu.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. "Kila jioni. Nilikuwa nadhani unaona haya kukimbia mbele za watu, ndiyo maana sikukulazimisha." Akageukia masanduku. "Na uwanjani nilikuhurumia."

"Nisamehe."

"Sijui," alisema. "Leo sijui." Akaingia ndani akafunga mlango polepole. Hata siku hiyo hakuweza kuubamiza.

Jumatatu mama alinisindikiza shuleni badala ya hospitali. Nilirudia maneno yale mbele ya mwalimu na muuguzi, kisha mbele ya darasa, kisha mbele ya wale watatu wa timu, na kila mara yalizidi kuwa mazito. Siku za mwizi ni arobaini, zangu hazikufika hata thelathini. Muuguzi alinipima upya, akatikisa kichwa. "Moyo wako ni mzima," alisema. "Umelegea tu kwa kukaa. Namshukuru Mungu umesema. Tungekupima wiki nzima tukitafuta ugonjwa, na dawa yako ni kutembea."

Mwalimu alinifuta kwenye timu na kuandika jina la Sindano mahali pangu katika daftari lake, ingawa mbio zilikuwa zimekwisha. Kisha alilitazama darasa.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilikuwa nasoma namba, sikuwa nasoma mtoto. Nilimwona kila asubuhi akipanda ngazi kwa kuhema, na bado niliamini kidude. Vidude vitarudi sandukuni. Kuanzia leo kila jioni tutakuwa uwanjani wote, mwenye mbio na asiye na mbio, nami nitawaona kwa macho yangu."

Nilikwenda kila jioni. Nilitembea, nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Sindano naye alikuja, lakini alikimbia upande wa pili wa uwanja, na mimi sikuthubutu kumsogelea.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, mwalimu alileta kijiti. Akawapanga wale watatu na Sindano uwanjani. Hapakuwa na shule nyingine, hapakuwa na wazazi wala kamba. Sindano alipokea kijiti akaondoka, na sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini hakuwa akishindana na mtu, na sote tulijua, na yeye alijua kuliko sisi.

Alipomaliza hakumrudishia mwalimu kijiti. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama.

"Shika," alisema. "Kimbia wewe sasa. Kwa miguu yako."

Nilikimbia. Kona ya pili nilitembea, kona ya tatu nikakimbia tena, na nilipofika alikuwa amesimama mahali palepale akinisubiri, kama alivyozoea. Alinipiga begani mara moja akaenda kuchukua mkoba wake. Jumamosi alfajiri lori lao liliondoka.

Ni miezi miwili sasa. Naweza kuzunguka uwanja mara mbili bila kusimama, na ngazi za darasa nazipanda nikizungumza. Bado wananiita Mwenyekiti, lakini sasa najibu kwa kuwakimbiza. Mama naye amejiwekea sheria: jioni anafunika cherehani, tunatembea pamoja mpaka mwisho wa barabara mpya na kurudi. Anasema miguu yake imechoka kwenda bila kufika popote.

Juzi simu ya mama iliita. Ilikuwa sauti ya Sindano, kwenye simu ya baba yake. Aliniuliza nakimbia mizunguko mingapi, akacheka nilipomwambia. Nilimwuliza kuhusu shule yake mpya, kama wana mbio za vijiti.

"Wanazo," alisema. "Zilikuwa wiki moja kabla hatujafika." Kisha akaongeza, "Usijali. Nimeshakusamehe, mbona."

Baada ya simu sikuweza kuinuka. Nililia mpaka mama akaacha shati alilokuwa akilikata, akaja kuketi sakafuni kando yangu.

"Amenisamehe, mama," nilisema. "Mbona bado inauma?"

"Kwa sababu kusamehewa si kurudishiwa," mama alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nafasi ya mtu ukiichukua kwa hila, hata ukiungama, hata akikusamehe, ile siku yake haitarudi. Na afya ni vivyo hivyo. Jasho la mwili wako hakuna atakayekutolea, hata mama yako. Mimi nilikanyaga wiki tatu, na moyo wako haukupata hata hatua moja."

Alinifuta machozi kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa begani mwake. Kisha akafunika cherehani, ingawa jioni ilikuwa haijafika.

"Vaa viatu," alisema.

Nikavaa. Mlangoni niliruka kizingiti bila kukikanyaga, kama ninavyofanya kila siku tangu Sindano aondoke, kwa sababu bado naona mtu ameketi pale akipanga vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule, akinisubiri.